Kabla Hamjasema Watoke

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine wa kijiji mtakaosomewa barua hii.

Haya nasema mimi, anayeandika ni binti yangu, kwa kuwa macho yangu siku hizi yanatofautisha mchana na usiku tu. Mpunga ukishavunwa nahamia kwake Iringa, na mzee wa umri wangu akihama hapangi safari ya kurudi. Kwa hiyo yapokeeni kama wosia. Majaruba nimeshayagawa mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kitongoji akaandika; hilo halina maneno. Lililobaki ni la majirani zetu wafugaji, wale wenye maboma kule mbugani, ambao nasikia mmeazimia waondoke kabla kifuku hakijaanza.

Nasikia mengi nikiwa nimekaa hapa barazani. Kijiweni kwa bodaboda neno ni moja: wavamizi. Ile mbuga ni ya kijiji, mnasema, si ya mtu, na hawa wamekuja na ng'ombe wao wakajenga bila kumuuliza yeyote. Wengine mmeshaanza kupanga nani atatangulia na nani atabeba petroli. Aliyetaja petroli namjua kwa sauti, na mama yake namjua pia.

Nianze na lenye haki ndani yake, msije mkasema babu kahongwa maziwa. Ng'ombe wakiingia kwenye jaruba la mpunga wenye mimba, hawaachi cha kusimulia. Nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, kisha wa Baraza la Ardhi, na kazi hiyo ya kukagua nimeifanya mpaka naijua kwa miguu. Kundi huingia alfajiri, mchungaji ni mtoto ambaye usingizi umemshinda chini ya mgunga. Mkifika mnakuta tuta limebomoka, maji yamekimbilia kwa jirani, na mpunga umekandamizwa kwenye tope hivi kwamba hata ukiuinua kwa mkono haukai wima. Mwenye shamba anasema imeliwa eka nzima. Mwenye ng'ombe anasema ni kona tu. Bwana shamba anapima kwa hatua, anaandika robo eka na kitu, na wote wawili wanamkasirikia. Hapo ndipo mazungumzo huanza. Mnauliza shamba hilo mwaka jana lilitoa magunia mangapi kwa eka, mnauliza mbegu gani, mnawasikiliza majirani wa mfereji huohuo kwa sababu mwenye shamba hawezi kuwadanganya watu wanaogawana naye maji. Mkimaliza mnataja magunia, au mtamba, au fedha.

Jaruba langu mwenyewe liliwahi kuliwa. Mwenye kundi alibisha sana, akaleta ndugu zake, wakabisha na wao; akalipa kwa mbinde, na gunia la mwisho lilikuja msimu mwingine ukiwa umeshaanza. Lakini alilipa, nami nikala. Ningemchomea boma ningekula nini?

Mnajua lililotokea Rudewa Mbuyuni kule Kilosa. Kama hamjui, ni Desemba 2000: wakulima na wafugaji walianza kwa kukamatiana ng'ombe, wakaishia kwa watu 38 kuuawa. Na hapa karibu, Isimani, sikukuu ya Krismasi ya 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, katika ugomvi wa shamba. Yule akazikwa, na huyu akanyongwa. Shamba lilibaki palepale. Nimeishi katika nyanda hizi za juu tangu Mwingereza yupo, na kila niliposikia kuwa ardhi imemalizwa kwa hasira, ilibidi watu wakae upya kuigawa, safari hii wakiwa na wajane kikaoni.

Sasa tuje kwenye uvamizi wenyewe. Mimi ni Msangu, baba wa baba yangu ni mtu wa Utengule. Lakini babu zetu hao walifukuzwa hapa bondeni Usangu na Wahehe katika miaka ya 1870, wakapanda milima na mtemi wao Merere hadi kwa Wasafwa, wakajenga Utengule nyingine karibu na Mbalizi, wakaishi kwenye ardhi ya watu miaka na miaka. Walirudi Usangu miaka ya 1890, Mjerumani alipokwisha kuiangusha ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, pale Kalenga. Wasafwa wangekuwa na kijiwe cha bodaboda, nadhani wangetuita jina hilohilo mnalowaita wenzenu. Na hao Wahehe waliotufukuza ndio wakwe zangu leo, ndio ninaokwenda kufia kwao, na mtakuja kunizika mkila ugali wao.

Tena tulikuwa watu wa ng'ombe kabla hatujawa watu wa mpunga. Waliotuonyesha mpunga wa mifereji ni Wabaluchi walioingia bondeni enzi za mkoloni, na leo mchele wa Mbarali unatafutwa Kariakoo nanyi mnausema kama kwamba uliota na nyasi. Wamaasai walianza kuonekana miaka ya 1950, mimi nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Wasukuma na Wamang'ati wakaja hasa kuanzia miaka ya 1970, malisho yao ya kwao yalipobana. Katikati ya hao wote walishuka Wakinga, Wabena, Wawanji, Wanyakyusa, wakifuata majaruba. Nao hakuna anayewaita wavamizi, kwa sababu jembe halipigi kengele likipita. Ukitaka kujua nani kachukua mbuga, acha kuhesabu ng'ombe kwanza, hesabu mifereji. Palipokuwa malisho ya kiangazi ya Wasangu na ya Wamaasai leo ni majaruba, na sehemu kubwa ya majaruba hayo tumeyafungua sisi wenyewe, mimi nikiwemo, kwa kibali cha kijiji na wakati mwingine kwa ukimya wa kijiji.

Na mashamba makubwa je? Shamba la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, Kapunga likafuata, yote yakiwa chini ya shirika la serikali, NAFCO. Tulifurahi, kwa kuwa kazi zilipatikana na teknolojia ilionekana. Yalipokuja kubinafsishwa, watu wa Kapunga wakaambiwa kijiji chao kimo ndani ya hati ya shamba lililouzwa. Kijiji kizima, na shule yake na makaburi yake, ndani ya karatasi ya mtu. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja katika uvamizi huo.

Lile ninalotaka mlishike linaanzia 2006. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni. Mwaka ule nchi ilikuwa gizani, umeme wa mgawo, bwawa la Mtera limeshuka, na serikali ikasema Bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu zimeharibiwa na mifugo, kwa hiyo mifugo itoke. Ikatoka, kuanzia 2006 hadi 2007, kwa operesheni. Nilisimama kando ya barabara nikaona malori yamepakia ng'ombe mpaka pembe zimepishana kama kuni, ndama wakiachwa chini kwa kuwa nauli ililipwa kwa kichwa na ndama naye ni kichwa. Faini zilitozwa kwa kichwa vilevile. Mtu aliuza dume la laki kadhaa kwa bei ya mbuzi ili alipe faini ya wale waliobaki, kesho akauza wale waliobaki ili alipe lori. Waliambiwa waende Lindi, mkoa ambao wengine walikuwa hawajawahi kuusikia isipokuwa kwenye redio. Wapo waliofika. Wapo walioishia Kilombero, Rufiji, Chunya, na wapo waliovuka tu hadi Pawaga na Idodi, wakawa tatizo la Iringa badala ya kuwa la Mbeya. Malalamiko yalikuwa makubwa hata Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Othman Chande mwaka 2007. Ripoti yake sisi wa vijijini hatukusomewa.

Siku zile walikuwepo waliopiga vigelegele. Majirani wema kabisa, wakulima wenzangu, watu wa kanisani na msikitini. Walisema sasa tutalima kwa raha. Walijigawia mbuga kabla mavi ya ng'ombe hayajakauka.

Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikapanuliwa, ikameza Pori la Akiba la Usangu na kuzidi, ikawa na kilomita za mraba zaidi ya 20,000, karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Na ile mipaka iliyochorwa haikujua tofauti ya mfugaji na mkulima. Ilipita kwenye vijiji vilivyosajiliwa na serikali yenyewe, vyenye zahanati na masanduku ya kura. Kwa miaka mingi tuliambiwa tuendelee, mambo yatarekebishwa, tukaendelea. Ndipo Oktoba 2022 Waziri wa Ardhi alipokuja Mbarali na kutangaza kuwa vijiji vitano, Luhanga, Madundasi, Msanga, Iyala na Kilambo, pamoja na vitongoji vingi vya vijiji vingine, vimo ndani ya hifadhi na watu wataondoka. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba, likatoka Tangazo la Serikali namba 754 la kuchora mipaka upya. Waliokuwa wanalima mbuga ya wafugaji wakaitwa jina gani? Wavamizi. Neno lilelile, redio ileile.

Nasikia mzee mmoja wa rika langu aliyetuambia 2006 kwamba ng'ombe hawana kwao, sasa anahangaika na ramani mkononi kuonyesha kuwa yeye ana kwao. Simcheki. Wahenga walishatuonya kuhusu mwenzako akinyolewa, ila sisi tulimshikia kinyozi kioo.

Msinielewe vibaya juu ya hifadhi. Tembo ni wetu, Ruaha ni yetu, na vijana wa Idodi na Tungamalenga wanakula mkate wa watalii. Lakini angalieni jinsi mambo haya yanavyoamuliwa mbali. Kulikuwa na mradi ulioitwa REGROW, dola milioni 150 za Benki ya Dunia, zilizoidhinishwa 2017 kukuza utalii wa kusini. Malalamiko ya wananchi wa Mbarali, wafugaji kwa wakulima, yalifika hadi kwa wakaguzi wa benki hiyo mwaka 2023; Aprili 2024 benki ikazuia fedha, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito kwa sababu mfugaji na mkulima walisimama pamoja, baada ya miaka kumi na saba ya kuonyeshana vidole. Wangeanza hivyo 2006, sijui mangapi yangeepukika, ila najua mtu akitaka kuondoa watu, kazi yake huwa nyepesi anapowakuta wameshagawana wenyewe kwa wenyewe.

Mtaniambia: babu, na mto? Maana hoja ya mto ndiyo mnayoipenda, mmefundishwa shuleni. Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi kwa mara ya kwanza Desemba 1993, na tangu hapo kila kiangazi viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Ni kweli. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kuwa kufikia 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Wataalamu walikaa hapa miaka, wa mradi wa SMUWC kwa fedha za Uingereza, na baadaye wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao, wakapima maji pale Ng'iriama ambapo Ihefu inamwaga, wakapima kwenye mabanio, wakasema wazi: kinachokausha mto kiangazi ni maji yanayochukuliwa na mifereji, si midomo ya ng'ombe. Na ushahidi mkubwa zaidi hauhitaji mtaalamu. Ng'ombe waliondoka 2007. Mto ukaendelea kukatika.

Nendeni banio letu mwezi wa tisa, mpunga ukiwa umeshavunwa na mashamba yamekauka. Mtakuta lango liko wazi. Maji yanapita mferejini bila kazi, yanatapakaa barabarani, bata wa mwenyekiti wa skimu wanaogelea. Maji hayo ndiyo yangefika Ihefu, na kutoka Ihefu hifadhini, na kutoka hifadhini Mtera na Kidatu, yakarudi kwetu kama umeme ambao mnauchajia simu za kutumiana maneno ya kuwatukana Wasukuma. Anayetaka kuokoa mto aanze na lango hilo, ufunguo uko kwa katibu.

Kuhusu ninyi kusema wamekuja bila kuuliza: waliuliza. Hakuna mfugaji mjinga wa kuingiza makundi mahali asipomjua mtu. Waliuliza, na aliyeulizwa alipokea, na risiti haikuandikwa. Sitamtaja, maana barua hii itasomwa mbele za watu na mimi sitakuwepo kujibu. Lakini mkishika mabango, shikeni na hilo. Mfugaji anayetoa fedha kwa siri ili akae, na kiongozi anayepokea kwa siri ili amruhusu, wote wawili wanaogopa mkutano mkuu wa kijiji kwa sababu moja. Ndiyo maana boma linajengwa kwanza na muhtasari unatafutwa baadaye.

Na wao wafugaji nina la kuwaambia, nanyi mtawafikishia, maana baadhi yao ni rafiki zenu wa mpira. Wasukuma wanajua kutenga ngitili, malisho ya akiba yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi. Kwa nini ujuzi huo wameuacha Shinyanga? Mbuga yetu haiwezi kubeba kila ng'ombe wa kila shemeji. Mwenye kundi kubwa apunguze, auze wakati bei ni nzuri, asisubiri kiangazi kimuuzie. Mtoto wa kuchunga akafundishwe kusoma, awe na mwenzake, asiachwe peke yake na ng'ombe mia usiku kucha halafu tukamlaumu kwa kusinzia. Na uharibifu ukitokea, mwenye ng'ombe aje mwenyewe kabla hajaitwa. Nusu ya hasira ya mkulima ni kumtafuta mtu.

Msidhani haya ni ya Waafrika wasio na mipango. Binamu yenu aliyeko Uingereza alinisimulia kwa simu kuwa kule wapo watu wa kuhamahama, wanaishi kwenye nyumba za magurudumu, na kila wakiweka kambi uwanja wa halmashauri mitaa inawaka kwa maneno: wachafu, wezi, wavamizi. Nikamwambia ongea taratibu, nasikia kama uko hapa kwetu Rujewa. Serikali yao ilitunga sheria mwaka 1968 ya kuzilazimisha halmashauri ziwatengee mahali pa kukaa. Mwaka 1994 wakaifuta. Mahali hapakuongezeka, watu hawakupungua, na 2022 wakatunga nyingine ya kumruhusu polisi kuwanyang'anya hata hayo magari wanayolala. Kwanza unamnyima mtu pa kusimama, kisha unamshtaki kwa kusimama.

Sisi sheria tunayo, na si mbaya, shida ni kwamba iko kabatini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inawapa ninyi, mkutano mkuu wa kijiji, sauti juu ya ardhi ya kijiji. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007 inawaruhusu kupanga wapi palimwe, wapi palishwe, wapi pawe msitu. Ya malisho ya 2010 inatambua malisho yaliyotengwa. Kule Kiteto vijiji vitatu, Orkitikiti, Lerug na Ngapapa, viliunganisha malisho yao, vikayaita OLENGAPA kwa kuchota herufi za majina yao, na wafugaji wakapewa hati ya kimila ya pamoja. Wamegombana, bado wanagombana nadhani, kama ndugu wa tumbo moja. Lakini wanagombania ardhi yenye hati, na mtu wa kutoka mbali akija na ramani yake anakuta nyingine mezani.

Kwetu mpango wa matumizi ulichorwa zamani, nikiwepo. Nakala iko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda changu, pamoja na mihtasari ya mikutano niliyohudhuria na barua zote za wilayani. Mkubwa wenu ndiye wa kulitunza. Panya wasiruhusiwe, wala mwanasiasa. Mtaona kwenye ramani ile mapito ya mifugo kutoka mbugani hadi mtoni yameandikwa kwa kalamu ya kijani. Nendeni mkayatafute ardhini. Hamtayaona, kwa sababu yamelimwa. Na wa kwanza kuyalima si mgeni. Ni familia mbili za ukoo wetu na moja ya fundi baiskeli, kisha wengine wakafuata kwa kuwa hakuna aliyekemea. Ng'ombe anayekwenda kunywa maji leo lazima apite kwenye jaruba la mtu, kwa hiyo kila siku ya kiangazi ni kesi. Mkirudisha mapito hayo, mtapunguza kesi zaidi kuliko mkileta polisi wa wilaya nzima. Jaruba lililo karibu na mgunga mkubwa, ambalo nimemgawia mdogo wenu, linagusa mapito kwa upande wa magharibi. Upande huo alirudishe, nimeshamwambia, amenuna, atanuna mpaka atazoea.

Kuhusu maboma. Msihesabu maboma peke yenu usiku. Kaeni na wenye maboma, waje na idadi ya ng'ombe wao, ng'ombe wana hereni na alama, si siri. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba kwa sheria, na watatu lazima wawe wanawake. Hakikisheni wanawake hao si majina tu, maana wao ndio wanaonunua maziwa kwa wake wa wafugaji na kuwauzia mchele, wanajua nani ana kundi la nani kuliko mtendaji. Baraza letu halijawahi kuwa na mfugaji hata mmoja tangu lianze. Mfugaji huletwa kama mshitakiwa tu. Mpeni kiti, ajifunze ugumu wa kusuluhisha, naye atakuwa wa kwanza kuwabana wenzake. Wakishaandikwa na kutengewa, anayezidi aondoke, na hapo mkisema aondoke mtakuwa na haki ya kusema, mkutano mkuu utakuwa umesema, na mtendaji atakuwa na karatasi ya kushika. Anayefika usiku na kundi jipya bila kibali cha kuhamisha mifugo, hata akiwa mjomba wa mwenye boma, arudi alikotoka, na hata akiwa rafiki wa kiongozi.

Mimi sina deni kwa mfugaji yeyote isipokuwa moja. Mwaka wa mafuriko nilichukua maksai wawili wa jirani yetu wa boma la kaskazini nikalimia kwa makubaliano ya magunia manne, nikatoa matatu. La nne litolewe kwenye mavuno haya kabla hamjagawana, na msimpe lile lenye chuya.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na huu wa sasa umeshachelewa. Andikeni barua ya kuuomba, mtie sahihi wengi, mpelekeeni mtendaji mbele ya mashahidi. Agenda ya malisho na mapito huwa wanaiweka mwisho, baada ya michango ya shule na mengineyo, saa ambayo wanawake wameshaondoka kupika na vijana wameshaenda kwenye mpira. Ombeni iwe ya kwanza. Na siku hiyo mtu mmoja asubuhi na mapema apite kwenye maboma kuwaambia saa, kwa sababu tangazo hubandikwa ofisini na wao hawapiti ofisini, wanapita mtoni.

Babu yenu.